Fahali wa Tabora na Machicha ya Kariakoo

Enzi zetu, watoto wa Kariakoo tulikuwa na sikukuu ambayo haikuandikwa kwenye kalenda yoyote. Idi tulikuwa nayo, na Krismasi tuliila kwa majirani waliotoka Kilimanjaro, lakini iliyotukosesha usingizi ilikuwa Siku ya Ng'ombe. Ukimwambia kijana wa leo kwamba tulivaa nguo za Idi kwenda kutazama ng'ombe, anakuonea huruma. Yeye ng'ombe anamfahamu akiwa kwenye kijiti cha mshikaki, tena kwa picha aliyopiga kabla hajala.

Yalikuwa maonyesho ya wafugaji wa ng'ombe wa nyama kutoka bara. Mwaka wa kwanza, kama nilivyosimuliwa, waliletwa ng'ombe wachache tu wakafungwa kwenye uwanja mtupu nyuma ya Ilala, na watu wengi walifika na masufuria wakidhani kuna sadaka. Mwaka uliofuata zikawekwa kamba za kuzuia msongamano. Mwaka mwingine likaja beni la matarumbeta. Nilipopata akili mimi, miaka michache kabla ya uhuru, uwanja mzima ulinukia kashata, muhogo wa kukaanga na samadi, na Wazungu wenye kaptura zilizopigwa pasi walipita wakibonyeza mbavu za ng'ombe kama akina mama wanavyobonyeza maembe sokoni. Sisi nasi tuliruhusiwa kubonyeza, mradi mikono iwe haina mafuta ya muhogo.

Kulikuwa na utaratibu mmoja ambao sisi watoto wa wauza nyama tuliujua kuliko tebo za shuleni. Ng'ombe aliyepewa utepe wa ushindi na waamuzi alichukuliwa na shamba la mbegu, akaishi kwa kuzalisha. Aliyeukosa hakurudishwa bara. Alinunuliwa palepale na wauza nyama, na kesho yake yuko kwenye ndoano buchani. Tena, kwa kuwa wafugaji hawakuwa na pa kufikia mjini, kila muuza nyama alimkaribisha mmoja nyumbani kwake, yeye na mnyama wake, na utepe ukikosekana mwenyeji ndiye aliyekuwa wa kwanza kumnunua. Baba yangu alikuwa na bucha karibu na Msimbazi. Nadhani mmeshaanza kuiona shida yangu.

Mwaka ninaoukumbuka kuliko yote tulimpokea Mzee Maganga, Mnyamwezi wa Tabora, mrefu, mwenye sauti ya chini. Tuliishi nyumba ya Bibi, mama yake Baba, Mzaramo aliyekamilika. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na wale wawili walianza kabla mgeni hajafika barazani.

"Karibu mtani," Bibi alimwambia. "Umeniletea mahari yangu?"

"Nimeileta, mtani, ila nakuona umechakaa. Nitampa mjukuu wako."

Mjukuu mwenyewe nilikuwa mimi, wa darasa la tatu, na mahari ilikuwa fahali mwekundu mwenye nundu iliyolala upande. Treni ilikuwa imemkondesha mpaka unaweza kumhesabu mbavu. Aliingizwa kwa mlango wa mbele, mpana wa mbao mbili, akapitishwa ukumbini katikati ya vyumba, akatokea mlango wa uani akisugua fremu kidogo kwa tumbo. Uani kwetu hapakuwa na njia nyingine. Nyuma palikuwa na ukuta wa nyumba ya jirani, na kulia na kushoto vivyo hivyo.

Tulimwita Bwana Shauri, jina walilopewa wakubwa wa serikali siku zile, kwa sababu alitembea taratibu na hakujibu salamu. Mzee Maganga aliniambia kwamba alimlea kwa maziwa ya kikombe baada ya mama yake kufa kwa ukame. Alitaka jambo moja tu, fahali huyo apate utepe abaki hai, na damu yake ienee. Nikaanza kulitaka na mimi.

Basi tukamlisha. Kila nyumba Kariakoo ilikuna nazi kila siku, na kila nyumba ilitupa machicha baada ya kukamua tui. Ng'ombe wa Tabora alikuwa hajawahi kuonja nazi maisha yake yote. Siku ya kwanza alinusa, akalamba, akanyamaza, kisha akala, nusura ale na ungo wenyewe. Habari zikaenea mtaani. Jioni akina mama walipanga foleni ukumbini na mabakuli ya machicha. Muuza ndizi akaleta maganda, mpika vitumbua akaleta pumba, na mzee mmoja kutoka kusini akaleta korosho zilizovunjika. Tuliacha hata kucheza rede. Tukitoka chuoni kusoma Kurani tulikimbilia uani na juzuu kwapani, kumwangalia akitafuna kwa heshima.

"Msimzoee," Mama alikuwa akitwambia. "Mgeni wa baba yenu hamjui anakoelekea."

Tukamzoea. Wiki baada ya wiki mbavu zikapotea, mgongo ukawa meza, tumbo likatoka pande zote mbili. Mtaa mzima ulimsifu, na katika watu wote wale, wakiwemo mafundi seremala wawili, hakuna aliyeutazama mlango.

Asubuhi ya maonyesho Mzee Maganga alimsuguasugua mafuta ya nazi akang'aa, akamwongoza kuelekea ukumbini. Kichwa kikapita. Nundu ikapita. Tumbo likagonga fremu kulia na kushoto, likagoma. Wakamvuta kwa mbele, wakamsukuma kwa nyuma, wakampaka mafuta zaidi. Bwana Shauri akatoa mlio mmoja wa masikitiko, akarudi kinyumenyume uani, akaanza kutafuta machicha ya asubuhi.

Watu walicheka mwanzoni. Halafu wakaanza kutoa mashauri, na kicheko kikaisha. Mmoja akasema afungwe bila chakula siku mbili atapungua. Akajibiwa kwamba maonyesho ni leo, na kinachotazamwa ni unono huohuo. Mwingine akasema kwa sauti ndogo, "Njia ya kumtoa ni moja tu. Vipande vipande."

Mzee Maganga aliweka kiganja kwenye shingo ya fahali wake. Kisha akamgeukia Baba.

"Mwenyeji wangu, asipofika uwanjani hana utepe, na asiye na utepe ni wako. Mchinje. Ila nakuomba nitoke kwanza."

Baba akaingia ndani akarudi na kisu. Kisu kile nilikiona kila siku, na kila siku nilikula kilichotokana nacho bila kufikiri lolote. Siku ile nilimtazama Baba nikamwogopa. Nilijua, kwa akili yangu ya darasa la tatu, kwamba akimchinja huyu sitaweza tena kumpa mkono na kumwamkia. Nikalia kwa sauti, wala sikujali wageni.

Bibi alikuwa kwenye mbuzi yake akikuna nazi. Akaisukuma kando, akasimama.

"Na nani aliyewaambia huyo ng'ombe ni wa kwenu? Mahari yangu hiyo. Mtani, unataka kunidhulumu kwangu mwenyewe?"

"Mtani, mlango..."

"Mlango nimeuona. Huo ukuta wa pembeni ni wa chumba changu. Bomoeni."

Baba akamwambia, "Mama, nyumba hii aliijenga marehemu baba."

"Kwa udongo," Bibi akasema. "Nami ndiye niliyeukanda. Nitaukanda tena. Huyu akishakuwa mchuzi, utamkanda?"

Baba akakitazama kisu, akampa Mama akifiche. Alikuwa wa kwanza kushika jembe. Fremu iling'oka na ukuta ukaanguka kuliko ulivyotakiwa, mpaka kitanda cha Bibi kikaonekana na chandarua chake na ndoo yake, mbele ya Kariakoo nzima. Bibi akaingia akaketi juu ya kitanda hicho, akijipepea, na Bwana Shauri alipopita ubavuni mwake alimpiga kofi la nundu. "Nenda ukaoe," akamwambia.

Tulifika Ilala tukihema, mtaa mzima nyuma ya ng'ombe mmoja mwenye vumbi la udongo mwekundu mbavuni. Waamuzi walikuwa kwenye safu ya mwisho ya ng'ombe. Wauza nyama wenzake Baba walikwisha kujipanga kando, kila mmoja na kamba yake. Mzungu mmoja akambonyeza Bwana Shauri mgongoni, akarudia, akamwita mwenzake. Kupitia mkalimani wakauliza anakula nini. Mzee Maganga akajibu kwamba hajui, kapikiwa na watani zake. Nilishika shuka yake kwa mikono miwili na sikuthubutu kutazama, mpaka niliposikia akina mama wa mtaa wetu wakipiga vigelegele. Utepe wa mwisho kabisa, ule wa rangi ya kijani, ulifungwa kwenye pembe ya Bwana Shauri.

Baba aliketi chini, vumbini, na kanzu yake nyeupe. Akavua kofia.

"Alhamdulillahi," akasema. Nilipomsogelea akaniambia polepole, "Mwanangu, kuchinja ndiyo kazi yangu. Lakini huyu sijui kama ningeweza." Nikamkalia mapajani, mkubwa nilivyokuwa.

Kesho yake Mzee Maganga hakukubali kuondoka kabla hajaukandika ukuta. Alipandisha shuka akakanyaga udongo, na Bibi akasimama kando yake akimtukana kwa furaha kwamba Wanyamwezi hawajui kukanyaga. Siku zote mpaka ulipokauka tulilala tukiona nyota, na hakuna aliyeibiwa hata kijiko.

Maonyesho yenyewe yaliendelea miaka kidogo, yakasogezwa mbali na mji, kisha yakafa bila mtu kuyatangazia msiba. Uwanja wake umejaa nyumba. Palipokuwa na nyumba ya Bibi pana ghorofa lenye milango ya chuma, na ukitaka kumwona jirani unampigia simu kwanza. Machicha hayapo tena, watu wanapikia tui la kopo. Vijana wananiambia mambo ni poa, nami sibishani nao. Wana maji bombani na hawakanyagi samadi wakienda shule.

Juzi mjukuu wangu alinisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza, "Lakini Bibi, huyo ng'ombe si alikufa tu hatimaye?"

Alikufa, nikamwambia, kama walivyokufa wote niliokutajia. Lakini hakufa siku ile, mbele ya macho yangu, kwa mkono wa baba yangu. Ndiyo maana niliendelea kuushika mkono huo bila woga mpaka siku tuliyomzika.