Tundu Katika Klachi ya Kendrick

Niseme wazi mapema: Kendrick Sorvig simpendi, na sababu ninayo. Lakini hii si habari yake. Ni habari ya Ardell Hokanson, jirani yangu, dereva wa greda la kuondoa theluji kwenye barabara za kaunti, mtu wa miaka sitini na moja ambaye ukimpa maneno kumi anakurudishia moja, tena kwa shida.

Katika bonde letu hapa Wyoming kila nyumba ina pikipiki ya theluji, nyingine zina nne. Kuwa nayo si kazi. Kazi ni kuipandisha mlimani, kwenye mwinuko ambao hata mbuzi angeuogopa, theluji laini kama unga ikikufika kiunoni. Mashine hizi hazina gia. Zina klachi: puli mbili na mkanda kati yake, na ndani ya puli ya mbele vyuma vitatu vidogo vinavyotanuka kadiri injini inavyozunguka, vikaubana mkanda. Vikiwa vizito mno, injini inakabwa na wewe unazama. Vikiwa vyepesi mno, injini inapiga kelele za bure, mkanda unateleza na kunuka. Na ukipanda juu zaidi hewa inapungua, injini inaishiwa nguvu, kwa hiyo vyuma vilivyokufaa bondeni huko juu vinakutia aibu.

Watu wengi hununua seti ya vyuma hivyo dukani, wakaifunga, wakaijaribu kwenye barabara iliyoshindiliwa na kurudi wakijisifu. Ardell hakununua. Alikuwa na tupa na mzani mdogo wa sonara, akasugua chuma nukta kwa nukta. Hakuamini jaribio lolote mpaka mashine ipate moto, iwe imepanda mara tatu, tena kwenye theluji laini. Hapo alisimama chini ya mlima, akafumba macho, akasikiliza. Alimpima mtu pamoja na mashine yake: kilo zake, anavyoegemea, kama ni mwoga. Mimi alinitengenezea ya kwangu mwaka nilioachika.

"Marlys, hasira zako zote ziko kwenye kidole gumba," aliniambia, maana mafuta tunabonyeza kwa kidole hicho. "Nimekuwekea springi ngumu, usije ukajiua."

Kuna jambo moja watu wa kwetu tunaliheshimu. Klachi iliyotengenezwa kwa mkono hafunguliwi mgeni, mpaka aliyeitengeneza awepo. Hakuna aliyeliandika popote. Ukimkuta mtu anachungulia klachi ya mwenzake, unaona haya kama umemkuta bafuni.

Kendrick ni mfugaji wa ng'ombe. Yeye na Ardell walikuwa chanda na pete, miaka ishirini na miwili. Mlimani hupandi peke yako. Unapanda na mtu atakayekuchimbua theluji ikiporomoka na kukufukia, na muda alio nao ni dakika chache tu. Mwaka mmoja ilimfukia Ardell hasa, hakuonekana hata glovu. Kendrick alichimba mpaka beleshi likavunjika, akamalizia kwa mikono. Tangu siku ile Ardell hakupanda na mtu mwingine. Ukimwalika alijibu, "Muulize Kendrick kama tunakwenda." Kendrick akiwa na mafua, Ardell alibaki nyumbani.

Msimu huu Kendrick alikuja na mashine mpya kabisa, bado ina harufu ya dukani.

"Nimeuza ndama," alisema.

Ardell alifurahi kama ni yake. Jumamosi tatu mfululizo aliishughulikia ile mashine, akisugua vyuma, akipanda na kushuka, vidole vikiwa vimepasuka kwa baridi. Mimi niliwapelekea kahawa. Kendrick alikuwa amekaa kwenye trela akinywa na kusifia, "Hakuna kama wewe, mzee. Dunia nzima hakuna."

Mashindano ya kupanda mlima hufanyika mwishoni mwa Machi. Mimi ni mmoja wa wale wanaofungwa kamba mlimani kudaka mashine zinazobiringika. Zamu yangu ilipokwisha nikashuka, nikasimama na Ardell. Akapanda kijana mmoja wa ng'ambo ya safu ya milima, Tavin Ulrich, hatukumjua. Ardell akafumba macho. Mashine ilifika mahali pabaya, pale ambapo nyingi hukohoa na kugeuka, ikapita kwa sauti moja bila kutetereka.

"Hiyo yangu," Ardell akasema.

"Yako vipi? Yule umemwona lini?"

"Hiyo klachi ni yangu, Marlys."

Nilidhani uzee umeanza kumsumbua. Lakini kijana aliposhuka Ardell alimfuata, akavua kofia, akamwomba kwa adabu amfungulie kifuniko.

"Bila wasiwasi, mzee wangu," kijana akasema. "Nimeinunua dukani kwetu, seti mpya ya mwaka huu. Wanasema wameifanyia utafiti miaka miwili. Inapanda kama shetani!"

Akafungua. Ardell alipiga goti kwenye theluji, akaizungusha puli taratibu, akaangalia chuma cha kwanza, cha pili, cha tatu. Akaangalia tena. Nami nikainama. Kila chuma kilikuwa na tundu dogo pembeni, limepinda kidogo.

"Haya matundu ya nini?" nikauliza.

"Ya kosa." Sauti yake ilikuwa chini sana. "Miaka mitatu iliyopita chuma kimoja cha Kendrick kilizidi uzito mahali ambapo tupa haifiki. Nikakitoboa, keekee ikateleza. Kimoja tu. Hawa wa dukani wamechukua hichohicho kuwa kielelezo, wakatoboa vyote vitatu."

Kijana wa watu alisimama pale amepigwa na butwaa. "Mzee, mimi nilinunua tu."

"Najua, mwanangu. Umepanda vizuri."

Tulimkuta Kendrick nyuma ya lori lake, anakula maharage ya pilipili kwenye bakuli la karatasi. Ardell hakupaza sauti. Mimi ndiye niliyetaka kulimwaga lile bakuli kichwani mwake.

"Nani alifungua klachi yako ya zamani?" Ardell akauliza.

Kendrick alitafuna pole pole. "Nani kasema imefunguliwa?"

"Kendrick."

"Basi, yule jamaa wa duka la ng'ambo. Aliomba kuangalia. Nikamwachia mashine wiki moja. Wiki moja tu, bwana, hata haikufika."

"Ungeniuliza."

"Ungekataa."

"Ndiyo. Ningekataa."

"Sasa unaona! Wewe kila kitu unakifukia gerejini kwako, Ardell. Utakufa nacho. Jamaa ana mitambo, watu wengi wanafaidika. Ubaya uko wapi?"

Ardell aliitazama ile mashine mpya juu ya trela. Niliona jinsi alivyokuwa akipiga hesabu, na nilitamani asimalize.

"Hukuuza ndama," akasema.

Kendrick akaweka kijiko chini. Mimi nikahisi uso unaniwaka kwa niaba yake, maana yeye hakuwa na haya ya kutosha.

"Ulinikalisha Jumamosi tatu," Ardell akasema, "nikakutengenezea mashine hii, ujira uliolipwa kwa kuniuza."

"Nilikuchimbua kwa mikono hii! Umesahau?"

"Sijasahau. Ndiyo sababu nilikuwa sikufungii kitu."

Akageuka, akaenda zake. Kendrick akanigeukia mimi, eti nimwombee. Nilimwambia maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, na sijutii hata moja.

Wiki ile theluji ilishuka siku tatu bila kukata, laini na nyepesi, ile ambayo watu wa kwetu huiota mwaka mzima. Ijumaa Kendrick alipita kwa Ardell na trela, akapiga honi, akasubiri, akapiga tena. Mlango haukufunguliwa. Akaondoka.

Nilichemka. Haikuniingia akilini mtu anyang'anywe kazi yake, halafu anyang'anywe mlima pia. Jumamosi saa moja asubuhi nilipakia mashine yangu, beleshi langu, na kifaa cha kutafutana chini ya theluji chenye betri mpya, nikaenda kumgongea. Alikuwa mezani na chai, amevaa soksi.

"Vaa," nikamwambia. "Tunapanda mimi na wewe. Kuchimba najua, mgongo ninao. Nimekujua miaka kumi na tisa, Ardell. Acha kukaa hapa kama mgonjwa."

Alinitazama. Nilidhani anatafuta buti zake. Halafu akachungulia dirishani, akaiangalia mashine yangu juu ya trela, akaiangalia sana.

"Na wewe," akaniuliza, "umemfungulia nani?"

Hakuuliza kwa ubaya. Aliuliza kama mtu anayetaka tu kujua. Nikafungua kinywa nimtukane, matusi hayakuja, machozi ndiyo yaliyokuja. Nikamwambia sijamfungulia mtu. Akaitikia kwa kichwa, kwa upole, kama unavyomkubalia mtu usiyemwamini, akaniuliza kama nitakunywa chai.