Viatu Mlangoni

Juzi nilikuwa ndani ya ofisi moja Mtambile, viatu nimeviacha mlangoni kama kila mtu, na wafanyakazi wanafunzwa kukimbia moto. Kengele ikalia. Wakatoka mbio hadi mlangoni, kisha wote wakainama kutafuta makubadhi.

Mwalimu akawatazama. "Nyote mshakufa," akasema.

"Basi turudini ndani," akajibu Bi wa masjala.

Wakarudia, wakainama tena. Mara ya tatu Bi akaliruka rundo la viatu, akasimama kwenye kokoto miguu mitupu, mikono kiunoni.

"Hata tukeshe," akawaambia wenzake, "leo mtatoka bila viatu."

Kuvua tulifunzwa na wazazi. Kuviacha ndiyo kazi. Walipotoka wote miguu mitupu, mie mteja nilikuwa bado mlangoni, natafuta cha pili.