Skonzi za Baba Keki

Mtaa mzima ulimwita Baba Keki, na hata mkewe alipomkasirikia alimwita hivyohivyo. Chumba cha nyuma cha nyumba yao kilikuwa na oveni mbili, meza ndefu ya bati, na rafu ya mapipa ya plastiki: la kifuniko cheupe la unga, na pembeni yake la kifuniko chekundu la sukari. Humo ndimo alimooka keki za harusi, za kuzaliwa na za kuaga wastaafu. Alipima bila kutazama, simu imebanwa kati ya sikio na bega, akibishana na mteja kuhusu rangi ya maua.

"Mkono wangu una macho yake," alipenda kujigamba, na watu walicheka wakaagiza keki nyingine.

Sasa, keki ikitoka kwenye oveni huwa imevimba juu kama kilima, na huwezi kuibebesha keki nyingine mpaka ukikate kile kilima. Kipande hicho Baba Keki alikiita kichwa. Vichwa havikuuzwa wala havikutupwa. Kwa miaka miwili vilikuwa vikiishia mahali pamoja tu, ndani ya kisanduku cha chakula cha shule cha binti yake wa miaka minane, pamoja na chupa ya juisi nyekundu.

Binti mwenyewe walimwita Kengele, kwanza kwa ajili ya sauti, pili kwa sababu hakuwa na siri. Neno likimwingia sikioni lilikuwa limeshamtoka mdomoni. Ndiye aliyemwambia bibi harusi rangi ya keki aliyofichwa mwezi mzima, na ndiye aliyemtangazia mama yake zawadi ya siku yake ya kuzaliwa, tena angali mlangoni, hata viatu hajavua.

Kwa hiyo siku daktari wa meno alipouliza mtoto anakula nini shuleni, Baba Keki hakupata hata nafasi ya kukohoa.

"Vichwa vya keki!" Kengele alijibu, kioo cha daktari kikiwa bado mdomoni.

"Kila siku?"

"Ijumaa vinakuwa na krimu!"

Daktari, mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, hakucheka. Aliliziba gego la chini lililokuwa na shimo, akavua glavu, akamgeukia mzazi.

"Baba, hili si jino la utoto. Likitoka, halioti lingine. Shimo lilibakiza kidogo mno lifike kwenye neva. Nileteeni mtoto baada ya wiki nane. Nikikuta pameanza kuoza tena, sitakuwa na cha kuziba. Nitang'oa." Kisha akamnyooshea Kengele mkono. "Na wewe, mama, tukubaliane. Vitu vya sukari shuleni, basi?"

Kengele aliutazama ule mkono, akaushika. "Basi," alisema, na kwa mara ya kwanza tangu ajue kuongea alinyamaza njia nzima hadi nyumbani.

Baba yake aliona aibu, na mimi sitamtetea, alistahili kuiona. Vile vichwa alivikata yeye kwa kisu chake, akavipanga yeye, akafunika yeye, akijiona baba bora kuliko wote mtaani.

Wiki ya kwanza ilikuwa balaa tupu. Jumatatu alifungasha yai la kuchemsha, karoti nzima na chupa ya maji. Kisanduku kilirudi kama kilivyokwenda, ila karoti ilikuwa na alama za meno mawili. Jumanne viazi vya kuchemsha, vikarudi. Jumatano mtindi usio na sukari, nao ukarudi, umemwagika juu ya madaftari.

"Wenzangu wanasema nimefulia," Kengele alilalamika. "Zamani walikuwa wananipangia foleni."

Mama yake, aliyekuwa anapiga pasi sare yake ya kazini, hakuinua hata kichwa. "Keki ya mtu usiyemjua unaipamba saa tatu nzima. Mwanao unamtupia karoti kama unalisha mbuzi. Ungekuwa wewe ungeila?"

Neno hilo lilimchoma. Lakini lilimchoma mahali pazuri, kwani Alhamisi alfajiri aliamka kabla ya jogoo wa jirani, akasimama mbele ya meza ya bati, akaukazia macho ule mfuko wake wa kupambia keki. Mfuko ule ulikuwa umekamua maua ya krimu ya kutosha kufunika uwanja wa mpira. Nani alisema ni lazima ndani yake kuwe na krimu?

Alichukua parachichi lililoiva, akaliponda na ndimu na chumvi kidogo, akalitia kwenye mfuko, akafunga mdomo wa bati wenye meno ya nyota. Alikata tango vipande vya duara. Akakamua, akazungusha mkono, akainua. Juu ya tango lilikaa waridi la kijani, petali kwa petali.

"Mama Kengele!" alipiga kelele. "Mama Kengele, njoo! Njoo uone!"

Mkewe alikuja mbio, mswaki mdomoni, akidhani oveni imelipuka. Alitazama. Povu la dawa ya meno lilimdondokea kwenye kanga.

"Kumbe unaweza," alisema.

Toka hapo Baba Keki hakushikika. Aliyakata mayai kwa kisu chenye meno ya zigizaga, akakiponda kiini na mtindi, akakirudisha kama taji. Karoti aliziparua nyembamba kama utepe, akazikunja zikawa maua. Mahindi ya kuchemsha aliyakata magurudumu, karanga akazitawanya kama kokoto barabarani. Na akaanza kuimba. Mtu ambaye kwa miaka ishirini alikuwa akifanya kazi za asubuhi amekunja uso sasa aliimba akimenya, akaimba akikamua, akaimba akitafuta kifuniko cha kisanduku kilichokuwa kimepotea, tena kwa sauti mbaya ajabu.

Alhamisi hiyo kisanduku kilirudi kitupu. Kilikuwa kimelambwa.

"Mwalimu ameomba kukipiga picha!" Kengele aliingia akipayuka. "Na foleni imerudi! Nimewaambia waridi haligawanywi, watazame tu!"

Baba Keki alikaa kitini. Akacheka mwenyewe kama mwendawazimu.

Hapakukosekana kitu isipokuwa cha kushibisha. Kwa hiyo akabuni skonzi za unga usiokobolewa, zenye karoti ya kukwaruza na kitunguu, bila sukari hata chembe. Kila Jumapili mchana, katikati ya oda za wateja, alizioka tano, moja kwa kila siku ya shule. Mwenyewe hakuzionja. Kwa miaka kumi hakuwa ameweka mdomoni kitu kilichotoka kwenye oveni yake. Harufu tu ilimshibisha. Naye mkewe alikuwa na sheria moja, kwamba chakula cha mtoto hakiguswi.

Wiki zilikwenda mbio. Asubuhi alipompeleka Kengele shuleni, mlinzi wa getini alimpokea kwa mikono miwili, bashasha tele. "Baba Keki! Hiyo mikono itunze, mzee wangu, hiyo mikono!" Naye alirudi nyumbani kifua mbele, akijua habari za mawaridi zimefika hadi getini.

Ijumaa ya wiki ya nane ikafika. Kwa kuwa miadi ya daktari ilikuwa asubuhi, Kengele hakwenda shule, na skonzi moja ikabaki mezani bila kazi. Mama yake, aliyekuwa amechelewa kazini, aliinyakua akipita, akaing'ata, akasimama kizingitini.

"Hii ya mteja gani?"

"Ya mteja wapi? Ni ya Kengele."

"Baba Keki," alisema polepole, "hii ni tamu."

Baba Keki alimpokonya, akang'ata. Ilikuwa tamu. Haukuwa utamu wa karoti, ulikuwa utamu wa sukari, kipimo kamili. Akaigeukia rafu: kifuniko cheupe, na pembeni yake kifuniko chekundu. Mkono wake, ule wenye macho yake, ulikuwa umechota unga na kisha ukachota sukari, kama ulivyozoea kwa miaka ishirini, huku yeye akibishana na watu kwenye simu. Wiki saba. Skonzi thelathini na tano.

Wakaenda kwa daktari. Kengele alipanda kitini, akapanua mdomo. Kioo kiliingia, kikazunguka, kikatulia juu ya lile gego. Baba Keki alihesabu vigae vya sakafuni, akapotea, akaanza upya.

"Safi," daktari alisema.

"Tafadhali angalia tena," Baba Keki alimwomba. "Daktari, nimekosea. Nimempa sukari kila siku bila kujua. Skonzi. Mkono tu, mazoea."

Daktari alivaa miwani yake, akaangalia tena jino moja moja. "Nimesema safi. Jino hili liko imara."

"Haiwezekani. Amekula thelathini na nne."

"Sijazila," alisema Kengele.

Wote wawili walimgeukia. Alikuwa amekaa kitini akichezesha miguu, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliongea kwa sauti ndogo.

"Ile ya kwanza niling'ata kidogo nikajua ina sukari, nikaitema. Nilimpa Daktari mkono. Zote nimempa mlinzi wa getini. Yeye anazipenda sana."

"Wiki saba?" Baba Keki alishika ukingo wa meza. "Wewe Kengele? Wewe usiyeweza kuficha hata chafya? Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unaimba," alisema. "Zamani asubuhi ulikuwa huimbi. Nikaona nikikwambia utaacha."

Baba Keki alimwinua pale kitini pamoja na kitambaa alichofungwa shingoni, akamkumbatia hadi mtoto akalalamika mbavu. Alilia na kucheka kwa pamoja, mbele ya daktari, bila kuona haya.

"Na huyo mlinzi," alisema daktari, akifuta miwani ambayo haikuwa na vumbi, "mwambieni aje nimwangalie."

Jumapili, pipa la kifuniko chekundu lilipandishwa juu ya kabati, ambako halifikiwi bila kigoda. Simu ilizimwa. Kengele alisimama kando ya meza ya bati na kijiko chake mwenyewe, na skonzi ya kwanza ilipotoka aliimega, akaipuliza, akatafuna kwa umakini wa mtihani.

"Chumvi imezidi, Baba!" alitangaza, mpaka jirani akasikia.

Baba Keki alianza kukanda upya, na hakuacha kuimba.