Goshi, Neno Lililomfukuza Bahati

Nakumbuka asubuhi moja, Wabelgiji wakiwa bado mabwana wa Bukavu, nami nikiwa mkata vitambaa katika duka la kushona pale Kadutu. Mwanangu, hadi leo nina hasira, na fungu kubwa la hasira hiyo ni juu yangu mwenyewe.

Mwenzangu Bahati, kijana wa Katana, alikuwa bado kwenye majaribio ya kazi. Alikata na kushona kwa mkono wa kushoto. Unajua kwetu mtu hupewa kitu kwa mkono wa kuume, ule mwingine ukishika kiwiko. Siku hiyo akaja Mwingereza kuchukua koti lake. Bahati, kazi imemkolea, akamnyooshea kwa kushoto.

Mimi mdomo wangu haukuwa na breki. "Bahati, we! Unamupa mugeni na mukono wa kushoto? Mama yako hakukufundisha?"

"Goshi!" patron, Mbelgiji mwenye duka, akamfokea Bahati.

Mwingereza akacheka. Akaeleza kwamba neno hilo hata Kiingereza kinalo. Walilichukua kwa Wafaransa, ambao kwao maana yake ya kwanza ni upande wa kushoto, wakalibandika kwa mtu asiyejua kujiweka mbele za watu, yule wa kumwaga chai na kusema yasiyosemwa. Nikahesabu: Wafaransa, Waingereza, na sisi. Nikahesabu tena. Watu wasiopatana hata juu ya bei ya yai, wamepatana kuutukana mkono mmoja!

Patron akaniuliza kama kweli kwetu ni aibu. Nikaitika, kifua mbele. Saa sita Bahati akaambiwa asirudi.

Papa Cishugi, fundi wetu mzee, hakunipigia kelele. Akaniwekea mezani shati alilolishona Bahati.

"Hesabu mishono iliyopinda."

"Hakuna, papa."

"Rudilia."

Nikarudia. Hakuna. Akaniwekea langu: saba. Mara ya pili, nane.

"Sasa goshi iko nani hapa?" akauliza. "Bahati alikosea mukono. Ungemwambia pembeni, angebadilisha. Wewe umemuuza mbele ya wazungu, na bei haukuomba hata!"

Nikakimbilia kwa patron kumtetea. "Unanifundisha kazi?" akasema, akanifungia mlango usoni. Nilipofika barabarani, Bahati alikwisha panda lori la kwenda Sange kutafuta kazi nyingine. Sikumwona tena.

Mwanangu, adabu zetu ni nzuri, zishike. Lakini mwenzako akikosea, msahihishe kwa sauti ya chini, kabla mgeni hajalibandika kosa lake jina. Na ukiletewa neno la kuchekea watu, uliza limetoka wapi na limekwisha kuumiza nani. Ukikosa jibu, usilichukue hata kwa bure. Hiyo bure kuna mtu atailipa, na mara nyingi si wewe.

Mungu akupe mikono miwili isiyokosa kazi, akupe na rafiki wa kukuvuta pembeni siku utakapokosea. Amina.