Fungu Moja na Tano

Mwantumu hakuwahi kukalia dawati hata siku moja. Mwaka ambao watoto wa rika lake waliandikishwa shule, baba yake, muuza boriti wa kule visiwani Maparoni, alikuwa anatafuta mtu wa kumhesabia miti, mtu ambaye hatamwibia. Mtoto wa miaka saba haibi. Basi akasimamishwa kwenye tope la bandarini, tope limemfika magotini, akawa anahesabu boriti za mikoko zinapopakiwa chomboni. Boriti haziuzwi mojamoja wala kumikumi. Zinauzwa kwa korja, na korja ni miti ishirini. Ikitimia ishirini Mwantumu anafunga ukindu, anasema kwa sauti, "Fungu," anaanza upya. Akisema fungu kabla halijatimia anachapwa fito. Elimu hiyo ilimwingia vizuri. Wapo wanaosema kiboko hakifundishi, lakini kinafundisha sana, ila hakichagui cha kufundisha.

Akakua, akaolewa na Mshamu, mkata mikoko, mwanamume mpole ambaye upole wake haukuwahi kumsaidia mtu yeyote. Akazaa wawili, akazika wawili. Wa tatu alikuwa Nasra, na huyo akaishi. Baada ya hapo tumbo halikushika tena, na majirani wakawa wanamuuliza kama Mshamu ana mpango wa kuongeza mke, wanauliza kwa ile sauti laini ya kutoa pole. Mwantumu alikuwa na mtoto mmoja tu chini ya jua, na kila alichofanya alikifanya jicho likiwa kwa huyo.

Sasa, Mshamu alikuwa na dada yake mkubwa Kibiti mjini, jina lake Zuhra, mwenye mgahawa karibu na stendi. Zuhra hakujaliwa mtoto, ila vyombo vya kuosha alijaliwa vingi. Nasra alipoingia darasa la pili, Zuhra akampigia simu mdogo wake.

"Nipe huyo mtoto nimsomeshe, Mshamu. Huko kwenu shule gani, watoto mia na mwalimu mmoja."

Kusomeshwa kwa Zuhra kulijulikana. Binti wa mwisho kusomeshwa pale, mtoto wa watu wa Dimani, alirudi kwao vidole vimeliwa na sabuni na jina lake mwenyewe analiandika kwa kubahatisha. Mwantumu alimweleza mumewe hayo yote. Mshamu akasikiliza kwa upole, kisha akatoa uamuzi.

"Tutazame mtihani wa mwisho wa mwaka. Akishinda hesabu, anabaki. Akishindwa, ndiyo kusema shule ya huku haimwingii, aende kwa dada."

Mwantumu alikwenda nyuma ya nyumba akalia. Halafu akanawa uso, akarudi jikoni.

Wiki hiyohiyo shuleni kukawa na kikao cha wazazi, na Mwantumu akaketi mbele kabisa, mahali ambapo hakuwahi kuthubutu kuketi. Mwalimu Hemedy, kijana wa kutoka bara aliyekuwa anahesabu miezi ya kuhamishwa, akawaambia wazazi kwamba yeye peke yake hawezi kuufundisha umati ule, wamsaidie.

"Kila siku kidogo tu," alisema. "Muda wa chungu kuchemka unatosha. Kateni vijiti. Mtoto ajumlishe, afunge mafungu, aseme mafungu mangapi na vimebaki vingapi. Basi, hesabu ndiyo hiyo."

Hakusema fungu ni vijiti vingapi. Kwake yeye lilikuwa jambo la kuchekesha kulisema, fungu ni kumi, limo kitabuni. Kwa Mwantumu fungu lilikuwa ishirini, na yeye hakulitoa kitabuni, alilitoa bandarini pamoja na makovu. Akarudi nyumbani anatembea haraka, akakata fito nyembamba za mkandaa, akazipunguza sawasawa kama kidole, akazitia kwenye kikapu. Kwa mara ya kwanza maishani shule ilikuwa imemtaka kitu anachokijua.

Kila jioni wali ukiwa jikoni, mama na mwana wakakaa chini.

"Kumi na saba, utie nane," anasema Mwantumu.

Nasra anahesabu, ulimi umechungulia pembeni ya mdomo. Vijiti vikifika ishirini anafunga ukindu kama alivyoonyeshwa. "Fungu moja na tano."

"Sawasawa, mwanangu."

Na kweli ilikuwa sawasawa, fungu moja la ishirini, na vijiti vitano juu yake. Kasoro ilisubiri darasani, ambako fungu moja na tano huandikwa moja kisha tano. Nasra akaandika 15. Mwalimu akamwekea mkasi mwekundu wa kosa. Hesabu ndogo, zisizofika ishirini, alizipata zote, na hilo likamfanya mwalimu aamini kwamba mtoto ana akili ila ni mvivu. Mafungu ya kumi ya mfano yalikuwa mezani kwake, yamefungwa mpira, na Nasra alikaa nyuma kabisa, hakuwahi kuyagusa.

Siku moja akaitwa ubaoni. Ishirini, utie kumi na tano. Nasra akafikiri vijiti vyake vya nyumbani, akapata fungu moja na kumi na tano, akaandika moja, akaandika kumi na tano mbele yake. Mwalimu Hemedy akasoma kwa sauti.

"Mia moja na kumi na tano. Kumbe kwa kina Nasra vijiti vinazaa."

Darasa likacheka mpaka madirisha yakasikia. Akachapwa viwili vya uzembe, akarudishwa nyuma, na kuanzia siku hiyo jina lake uwanjani likawa Mama Vijiti. Walimwita hivyo hata wenzake ambao nao hawakujua jibu. Nyumbani Nasra hakusema. Siku nzima aliambiwa kosa, kosa, kosa, na ile ilikuwa saa pekee ambayo mtu alimtazama usoni akamwambia sawasawa. Asingeiharibu kwa kusema.

Jambo lingeweza kurekebishika, na hapa ndipo pananiuma. Jioni moja Nasra alifunga vijiti kumi. Labda aliona kitu ubaoni, labda kilimjia tu chenyewe. Alifunga ukindu, akanyanyua uso kwa woga, akasema, "Fungu."

Mwantumu alisikia neno limewahi. Mkono wake ukachukua fito kabla yeye mwenyewe hajajua, ukampiga mtoto kwenye vidole, na sauti iliyomtoka ilikuwa ya baba yake. "Halijatimia." Nasra akafungua, akaongeza vijiti, akafunga vizuri huku machozi yanadondokea kwenye ukindu. Hakurudia tena kufunga kumi. Mwantumu alipata majuto usiku kucha kwa kumpiga, na hata hivyo aliamini kwamba amemsahihisha.

Mwalimu akakutana naye njiani. "Mama Nasra, mtoto hesabu kubwa zinampita. Ongeza mazoezi." Mwantumu akashukuru, akaongeza. Kila alivyoongeza, mtoto akazidi kukosa darasani, na kila alivyokosa, mama akaongeza.

Mwezi mmoja kabla ya mtihani, Zuhra alikuja. Alipanda boti Nyamisati, akateremka na kanga mpya ya wifi yake na pakiti ya biskuti ya Nasra, na Mwantumu akampokea mkoba kwa adabu zote. Mshamu alikuwa mikokoni. Jioni Mwantumu hakuona sababu ya kuficha mazoezi, tena alitaka yaonekane. Alitaka wifi yake arudi Kibiti anajua kwamba mtoto ana akili na hatoki hapa.

"Kumi na tisa, utie sita."

"Fungu moja na tano," akasema Nasra, upesi.

"Mashaallah," akasema Zuhra. "Hebu iandike hapo chini, shangazi yako aone."

Nasra akaandika kwa kidole mchangani, moja, kisha tano. Zuhra alikuwa amesoma mpaka la saba. Akatazama ile 15. Akaokota lile fungu, akavipitisha vijiti kwenye kidole gumba kimyakimya mpaka mwisho, akavipitisha tena. Mwantumu alikuwa anamtazama usoni, na uso ule ulitulia, ukawa kama wa mtu aliyeketi vizuri baada ya kusimama muda mrefu. Kisha Zuhra akafuta tarakimu zile kwa ndala yake.

"Hivyohivyo, wifi," akasema. "Msiache hata siku moja. Mnakwenda vizuri sana."

Mwantumu alifurahi mpaka akamchinjia kuku wake wa mayai. Wakati wa kuondoka akamfungia na kamba wakavu, wale wakubwa aliokuwa amewaweka kwa ajili ya Idi, akamsindikiza bandarini akiwa amembebea mzigo kichwani.

Mtihani ukaja. Hesabu ndogo Nasra akazipata, kubwa zote akakosa, na Mwalimu Hemedy akaandika kwamba mtoto hana juhudi. Mshamu aliisikia habari kwa upole. Mwantumu akamshika miguu mumewe, akamwambia ampe mwaka mmoja tu, atazidisha mazoezi. Mshamu akasema neno la mwanamume ni moja. Nasra aliondoka na boti ya asubuhi amevaa gauni la sikukuu. Hakulia kwa kuwa alikuwa anaona haya, maana watoto wawili wa darasani walikuwa bandarini, wakamwita jina lile.

Miezi ikapita. Mwantumu alimwomba mumewe ruhusa mara nyingi, na ruhusa ilipopatikana alijitwika mchele wa mpunga wake mwenyewe, akaweka na kikapu cha vijiti juu yake. Alivichonga upya vyote, akavifunga mafungu. Alifikiri watakaa chini kidogo, muda wa chungu kuchemka.

Alimkuta Nasra uani nyuma ya mgahawa, kachuchumaa kati ya mabeseni mawili. Mtoto alikuwa amerefuka. Alimwamkia mama yake shikamoo, akakumbatiwa huku mikono yenye povu ameinyoosha mbali asimlowanishe.

"Shule unakwenda, mwanangu?"

"Nakwenda siku ambazo wateja wachache."

Mwantumu akatoa kikapu. "Nimekuja na vijiti vyetu. Kidogo tu. Ishirini na tatu, utie tisa."

Nasra alivitazama vijiti. Akalichukua fungu moja, akalifungua, akatoa nusu yake, akalifunga tena jembamba, akamrudishia.

"Fungu ni kumi, mama."

"Nani kasema?"

"Ni kumi kila mahali. Shangazi kanionyesha siku ileile niliyofika, nipate kuhesabu sahani." Mtoto alisema bila chuki, kama anayesoma. "Kasema alikuona kule kwetu unafunga ishirini. Kasema angekwambia, mie nisingekuja."

Mwantumu akasimama. Zuhra alikuwa mlangoni, mwiko mkononi, amesikia na wala hakujificha.

"Usinitazame hivyo, wifi. Mie sikumfundisha mtoto uongo, umemfundisha mwenyewe. Mie nilikaa kimya tu. Na huyu nisingempata, vyombo hivi angeosha nani, weye?"

Mwantumu alitaka kumrukia. Alitaka kumshika mtoto mkono, waende stendi, waende Nyamisati, waende mbele kwa mbele. Akamgeukia Nasra. "Twende nyumbani. Nitakufundisha hivyo vya kumi. Nitajifunza."

Nasra alikuwa amekwishatia mikono majini. Akawa anasugua sahani moja pale pale.

"Siku moja nilifunga kumi," akasema. "Ukanichapa."

"Sikujua, mwanangu."

"Najua hukujua. Kule waliniita mjinga kila siku, nami nilikuwa nasema mama yangu ndiye anayejua." Akaisuuza sahani, akaiweka. "Sitaki kurudi kule."

Zuhra aliingia ndani, wateja walikuwa wanaita. Mwantumu akabaki amesimama na kikapu chake, na uchungu uliompanda haukuwa na pa kwenda, maana kila alipoupeleka ulimkuta yeye mwenyewe. Boti haikuwapo mpaka kesho. Mwishowe akachuchumaa kwenye beseni la pili, akapandisha mikono ya gauni, akawa anasuuza na kupanga sahani juu ya ubao. Alizipanga kama mikono yake ilivyozoea, lundo linapanda, linapanda.

"Hapo kumi imetimia, mama," akasema Nasra bila kunyanyua uso. "Anza lundo jingine."

Mwantumu akaanza lundo jingine.