Nilivyomtuza Mjukuu Raba Toronto

Mwaka 1974, nikiwa na miaka kumi na miwili, baba alifariki. Nikatoka darasa la tatu kwenda kuuza vitumbua stendi ya Morogoro, pekupeku, lami inawaka. Basi mtu asinieleze habari za miguu mitupu.

Safari ya Toronto ilianza kwa simu ya binti yangu Rehema. "Mama, njoo. Wanataka kumtoa Zawadi kwenye ngoma." Zawadi ni mjukuu wangu, kazaliwa huko huko. Kikundi chao kilikuwa kinaandaa ngoma ya kueleza maana ya kuwa mweusi. Nikakata tiketi kwa hela yangu.

Nilipotua uwanja wa ndege nikagundua nimekuwa mweusi. Morogoro mimi ni Mama Rehema, mwenye nyumba, mkali. Huku kila mtu aliniuliza nausikiaje weusi wangu. Nikajibu nasikia baridi.

Thorncliffe Park, ghorofani kwa Rehema. Zawadi anaelewa Kiswahili ila hujibu Kiingereza. Siku niliyofika alijikaza: "Bibi, wewe sema kwa mwalimu. Raba ni sawa." Dansi yake kaitunga na wenzake kwenye korido ya jengo lao, raba zikilia sakafuni, mlio ule ndio ngoma yenyewe. Lakini mwalimu wa kikundi, mama wa Kizungu mwenye hereni za ramani ya Afrika, alisema Mwafrika halisi hucheza peku. Asiyevua, abaki nyumbani.

Mazoezini, mwalimu akanishika mikono yote miwili. "Mama, ulipokuwa binti ulicheza peku?" Rehema akatafsiri.

"Ndiyo," nikasema. "Sikuwa na viatu."

Neno la pili hakulisubiri. Akafumba macho, machozi yakamtoka, ukumbi mzima ukapiga makofi. Zawadi akavua raba bila kunitazama.

Kwenye basi akaniambia, "Bibi, umeniuza." Kiswahili safi kabisa.

Jumamosi mchana, siku ya onyesho. Watu kimya kama wako msibani. Zawadi akacheza peku, vizuri, lakini kama mgeni anayeogopa kuchafua zulia la watu. Sasa, kwetu mchezaji hutuzwa akiwa bado anacheza. Nikatoa raba zake kwenye mkoba, nikapanda jukwaani na vigelegele, nikaziweka miguuni pake.

"Vaa, mama. Bibi yako alicheza peku kwa shida, siyo kwa asili."

Mlinzi akanijia. Nikamwambia kwa Kiswahili asubiri; akasubiri. Zawadi akavaa. Sakafu ikalia kwii, kwii! Wenzake wa ile korido, waliokaa nyuma kabisa, wakasimama wakamjibu kwa viatu vyao.

Baadaye mwalimu akanikumbatia. "Mila ya kuwavisha vijana viatu! Mbona hukutuambia? Mwakani tutawavisha wote."

"Mtafute bibi mwingine," nikasema. Rehema alikataa kutafsiri.

Nimerudi Morogoro na nililojifunza ni hili: walikuwa wanautafuta weusi wa mjukuu wangu, nao ulikuwa mbele yao, umevaa raba.

Leo nina nyumba mbili, mgahawa mmoja, friji tatu, shamba la ndizi na viatu jozi kumi. Ya kumi ni raba alizoninunulia Zawadi. Zinalia.