Diski Iliyolia Vizuri

Mama yangu alikuwa mfinyanzi. Alibeba vyungu vyake kutoka nyumbani kwetu, mbele kidogo ya Mamboleo, mpaka soko la Kondele, na kabla ya kumpa mnunuzi chungu alikiinua kwa vidole vya mkono wa kushoto akakigonga kwa kifundo cha kidole cha mkono wa kulia. Kikilia vizuri, chukua uende zako. Kikilia kama mtu mwenye mafua, alikivunja papo hapo mbele ya mnunuzi na vigae akavisukuma kwa mguu mtaroni. Wenzake walimwona mbadhirifu. Yeye alisema akikirudisha nyumbani, kesho atajidanganya kwamba kimepona.

Kwa hiyo nilikua nikiamini kwamba kitu chochote kilichopita motoni kina sauti, na kwamba mtu mwenye masikio mazuri hahitaji kuuliza zaidi. Imani hiyo ilinipeleka kwenye ufundi. Ilinisumbua pia, na ndiyo maana ninaandika haya.

Katika miaka ya themanini nilisomea injini za ndege Nairobi, nikapata leseni, nikarudi Kisumu. Niliajiriwa na kampuni ndogo iliyokuwa na banda kando ya uwanja wa ndege. Tulikuwa na ndege moja ya injini moja, na hiyo ndiyo iliyotulisha sote. Ilibeba madaktari, maofisa wa serikali na wanunuzi wa samaki: Homa Bay, Mfangano, Migori, na mara chache Nairobi. Mwenye kampuni alikuwa Mwislamu wa mjini, baba yake mtu wa Pwani na mama yake mtu wa hapa hapa. Kiswahili chake kilinyooka, chetu sisi wengine kilichechemea. Akifurahi aliniita Bwana Fundi. Akikasirika nilikuwa Fundi tu.

Ndani ya injini ile mlikuwa na diski ya chuma, upana wake kama sahani ya ugali, yenye mapanga madogo kuzunguka ukingo. Hewa ya moto huipiga ikazunguka kwa kasi ya kutisha. Kila injini inapowashwa diski hupata moto na kutanuka, na kila inapozimwa hupoa na kusinyaa. Ukiirudia kazi hiyo miaka, chuma kinachoka. Nilipomweleza baba yangu mdogo jambo hili alinicheka mbele ya wageni.

"Chuma kinachoka? Kwani kimelima wapi?"

Wacheke tu. Chuma kikichoka kinaanza kupasuka ndani, mahali ambapo jicho halifiki, na siku kikiachia hakuna mtu angani wa kukipa pole. Ndiyo sababu waliotengeneza injini waliweka kikomo, na sheria ya serikali ikakishika: diski ikishawashwa na kuzimwa idadi fulani ya mara, inatolewa, hata kama inang'aa kama ilivyotoka kiwandani. Hakuna kuitazama na kuamua. Hakuna kuigonga. Ufa ukishaonekana, umechelewa.

Na kikomo hicho hakihesabu saa za kuruka, kinahesabu kuwashwa. Hapo ndipo safari fupi za ziwani zilipotuumiza. Ndege ikienda Nairobi inaruka muda mrefu na inahesabiwa mara moja. Yetu ilikuwa inaruka Homa Bay, inazima, inaruka Mfangano, inazima, chai ya rubani ikiwa bado ya moto kwenye chupa. Mzee mwenye kampuni hakulimeza jambo hili kamwe. "Fundi, injini imefanya kazi kidogo sana," alikuwa akisema. Namjibu imewashwa mara nyingi, Mzee. Anatikisa kichwa kama mtu aliyeuziwa samaki wa jana.

Kosa langu lilikuwa mdomo. Wakati wa chai niliwasimulia wenzangu habari za vyungu vya mama, jinsi anavyogonga na kusikiliza. Waliipenda sana hadithi hiyo. Wakaanza kuniita Mtoto wa Vyungu, na kila mtu pale bandani, mpaka mfagiaji, akawa anagonga vyuma kwa spana na kutoa hukumu.

Mwanzoni mwa miaka ya tisini kaka yangu alifariki. Alikuwa mwalimu wa shule ya msingi Nairobi, nimonia ikamchukua wakati wa mvua. Mama alizaa wengi na wengi akawazika wangali wachanga. Tuliokuwa tumebaki ni wawili, kaka na mimi.

Mzee mwenye kampuni alikuja nyumbani kutupa pole. Aliketi kwenye mkeka, akamshika Mama mkono, akamwambia mbele ya wazee wote, "Mama, mwanao ataletwa na ndege yangu. Hutalipa chochote." Alikuwa na moyo mzuri, sitamnyima hilo. Lakini hakuniuliza mimi, niliyekuwa nimekaa hatua chache kutoka kwake, kama injini ilikuwa na uhai wa kwenda Nairobi na kumleta. Kesho yake aliniambia nitakwenda na rubani, nikae karibu na jeneza njiani.

Mama hakuwahi kupanda ndege. Sasa mwanawe angekuja kwa ndege, kama watu wakubwa. Alimwambia kila aliyekuja kulia. Mazishi yakatangazwa Jumamosi, jamaa wakaarifiwa mpaka Siaya na Rongo, na kwetu siku ya mazishi ikishatangazwa, imetangazwa. Kaburi huchimbwa usiku wa kuamkia siku hiyo. Halilali wazi likimngoja mtu.

Nilijua diski ilikuwa imebakiza mara chache. Zingetosha kama ndege ingepumzika. Haikupumzika. Katikati ya wiki maofisa walitaka kwenda visiwani, Mzee akakubali, nami nikamwambia wazi kwamba anakula safari ya kaka yangu. Akasema Mungu ataleta njia. Alhamisi alasiri ndege iliporudi, hesabu ilikuwa imekwisha. Diski mpya ilikuwa imeagizwa zamani na ilikuwa imekwama forodhani Mombasa.

Ijumaa asubuhi nikafungua injini, nikaitoa ile ya zamani, nikaiweka mezani juu ya kitambaa safi. Mzee akampigia simu mkaguzi wa serikali huko Nairobi akiomba ruhusa ya safari moja tu. Mkaguzi akataka kuongea na mimi. Akanipa pole ya msiba, pole ya kweli, kisha akasema kwa kifaa cha namna ile hakuna ofisi inayoweza kuongeza hata safari moja, na aliyeshika kalamu ya kutia sahihi kwamba ndege ni salama ni mimi.

Rubani alisema yuko tayari. "Kwenda na kurudi tu, ndugu yangu. Huyu ni kaka yako." Hakuwa mtu wa ovyo. Alikuwa amekula kwetu mara nyingi, na ndiyo maana maneno yake yaliniuma.

Saa sita baba mdogo akafika bandani na Mama. Walikuwa wameshasikia. Mama hakuwahi kukanyaga pale. Alipita chini ya bawa bila kulitazama, akaja moja kwa moja mpaka mezani.

"Ni hii?" aliniuliza kwa Kijaluo.

"Ndiyo hii, Mama."

Akapitisha vidole vya mkono wa kushoto chini yake. Ilikuwa nzito kwake, nikamsaidia kuinua. Akaigonga kwa kifundo cha kidole. Ililia sauti ndefu, safi, ikakaa hewani mpaka mtu akakohoa. Wenzangu wote waliokuwa wakinitania kwa hadithi ya vyungu walikuwa wamesimama pale, na kila mmoja alisikia.

"Nzima," alisema Mama.

"Mama, chuma hiki kinalia hivyo hivyo mpaka siku kinapasuka."

"Nani alikufundisha kusikiliza?"

"Ni wewe."

"Basi sikiliza."

Akaigonga tena. Sijawahi kumpenda na kumkasirikia mtu kwa pamoja kama nilivyofanya pale. Nilitaka kumwambia kwamba chungu kikipasuka unapoteza maji. Nilisema tu kwamba siwezi kuirudisha kwenye injini na siwezi kutia sahihi.

"Mwanangu amelala kwenye baridi ya watu huko Nairobi," alisema, "na wewe unashikilia sahani." Akageuka. Baba mdogo akanitazama, akatema mate nje ya mlango, akamfuata.

Kaka aliletwa kwa barabara, kwenye pikapu ya walimu wenzake. Waliharibikiwa baada ya Nakuru, wakanyeshewa, wakangoja spea. Nyumbani kaburi lilikuwa limeshachimbwa. Jumamosi ikapita. Wazee walikoka moto kando ya shimo wakakesha nalo, wakinung'unika, na wageni wengi waliotoka mbali wakala, wakangoja, wakaondoka. Pikapu ilifika Jumapili. Tulimzika harakaharaka kwenye matope. Nilibeba jeneza upande wa kichwa. Wakati wa chakula baba mdogo aliniuliza kwa sauti ya kusikika na wote, "Fundi wa ndege, ndege iko wapi?" Watu wakainamia sahani zao.

Tangu siku hiyo Mama hakusema na mimi. Alisema na mke wangu. Naketi pale pale, magoti yetu yanakaribia kugusana, naye anasema, "Mwambie mume wako paa la jikoni linavuja." Nami namwambia mke wangu, mwambie Mama nitalitengeneza. Mke wangu alichoka na kazi hiyo kuliko diski yoyote.

Diski mpya ilifika baadaye, tukafunga, ndege ikaruka. Ile ya zamani ilipelekwa karakana moja Nairobi kupimwa. Wanaipaka rangi inayopenya mahali popote palipopasuka, wanaifuta, wanaitazama kwa taa ya pekee. Kama kuna ufa, hata mwembamba kama unywele, unajitokeza.

Nitasema ukweli: nilikuwa nauombea ufa huo. Nililala nikiuona. Ufa mdogo tu, wa kumwonyesha Mama na baba mdogo na kila aliyeinamia sahani yake.

Majibu yalirudi pamoja na diski. Haikuwa na ufa.

Mzee ndiye aliyenisomea. Hakunisimanga hata kidogo. Alifunga mlango wa ofisi, akaniambia kwa upole, "Bwana Fundi, mwambie Mama ilikuwa na ufa. Nani atajua? Utakuwa umempumzisha, na wewe utapumzika." Rubani alisema vivyo hivyo. Wote walinitakia mema. Niliwakasirikia wote, nikaikasirikia sheria, na zaidi ya yote nikaikasirikia diski ile kwa uzima wake.

Diski iliyofikia kikomo lazima iharibiwe, isije ikasafishwa mahali ikauzwa kama mpya. Mafundi wa jua kali wa Kondele walikuwa wameshaiulizia, chuma kizuri kama kile. Niliikata mwenyewe kwa mashine. Ilinichukua muda mrefu, cheche zikinirukia mpaka shingoni, na sikumpa mtu mwingine aimalizie.

Jioni nikaenda nyumbani. Mama alikuwa ameketi uani anakanda udongo. Mke wangu alikuwa kisimani, kwa hiyo hapakuwa na mtu wa kutupitishia maneno. Nikasema majibu yametoka.

"Ilikuwa na ufa?" aliuliza, bila kuinua macho.

"Hapana, Mama."

"Kwa hiyo ingemleta."

"Pengine."

"Usiniletee pengine."

"Ingemleta," nikasema. "Kwa safari ile, ingemleta."

Aliendelea kukanda. "Iko wapi?"

"Nimeikata."

"Nzima hivyo?"

"Nzima hivyo."

Nilianza kumweleza tena kwamba sheria haingoji ufa, kwamba diski kutolewa ikiwa nzima ndiyo maana yenyewe ya kikomo, kwamba ningemfanyia hivyo mtoto wa mtu yeyote. Akaniambia hayo ameyasikia. Nilidhani sasa atanifukuza, na nilikuwa tayari kuondoka.

"Nani angekwenda kumchukua?" aliuliza.

"Rubani."

"Peke yake?"

"Na mimi. Mzee alisema nikae karibu na jeneza."

Mikono yake ikasimama kwenye udongo. "Wewe ungekuwa ndani?"

"Ndiyo, Mama."

"Hilo hakuna aliyeniambia."

Nilimwambia nilidhani anajua. Alinitazama kuanzia miguuni, taratibu, na midomo yake ikaanza kutetemeka, yeye ambaye sikumwona akilia hata kaburini kwa kaka. Kisha akanyoosha mkono ule wa kulia, wenye udongo mbichi mpaka kwenye kiwiko, akanigonga kifuani kwa kifundo cha kidole. Mkono akauacha pale pale kwenye shati langu.

"Umekula?" akaniuliza.

Nikamwambia bado.